Mkono, Kioo na Duka la Vipodozi: Somo la Kuacha Mazoea ya Kutumbua Chunusi

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji ambaye hujikuta akitumbua chunusi, akibandua vigaga au akikwaruza ngozi yake mara kwa mara, ilhali moyoni anatamani kuacha. Limeandikwa pia kwa ajili ya mzazi, mwenzi wa ndoa au ndugu anayeishi naye. Baada ya kulisoma, tunatarajia msomaji aweze kufanya mambo manne: kueleza kwa nini kutumbua huzidisha madoa, kuutambua mnyororo wa matumizi unaoanzia kwenye kioo na kuishia kwenye kopo la krimu, kufuata hatua za kuuzuia mkono, na kujua ni wakati gani amwendee mtaalamu.

Huenda msomaji akauliza: jambo la mtu na kioo chake linahusiana vipi na kijitabu cha kumwelimisha mlaji? Linahusiana sana. Mtu anayejitumbua hununua. Hununua sabuni, hununua losheni, hununua krimu ya kuondoa madoa, kisha hununua krimu nyingine ya kutibu madhara ya ile ya kwanza. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutumika kwa ajili ya alama ambazo hazikuletwa na chunusi yenyewe, bali zililetwa na ukucha. Hoja ya somo letu, basi, ni hii: mara nyingi kinachohitaji kutunzwa kwanza si uso, bali ni mkono, na dawa ya mkono haiuzwi dukani.

Mifano yetu tumeiweka Raskazone, katika Jiji la Tanga, mahali ambapo joto na unyevu wa bahari humfanya mtu atoke jasho muda mwingi wa mwaka, na ambapo shughuli za harusi huwakutanisha watu wengi wenye macho ya kutazama nyuso. Watu tutakaowataja ni wa kutungwa kwa ajili ya kufundishia. Hata hivyo, yanayowapata huwapata wengi.

1. Kinachotokea chini ya ngozi

Ngozi ya binadamu ina vitundu vidogo sana. Ndani ya kila kitundu mna shina la unywele na tezi inayotoa mafuta ya kuilainisha ngozi. Mtu anapobalehe, homoni huziamsha tezi hizo, nazo hutoa mafuta mengi zaidi. Mafuta yakichanganyika na chembe za ngozi zilizokufa, huweza kukiziba kitundu. Bakteria wanaoishi humo kwa kawaida huongezeka, mwili hupambana nao, na mahali hapo huvimba. Hiyo ndiyo chunusi. Si uchafu, si laana, wala haiambukizwi kwa kushikana mikono. Huwapata vijana zaidi, lakini watu wazima pia, hasa wanawake, huweza kuipata.

Sasa tutazame kinachotokea kidole kinapoibinya. Anayebinya hudhani kwamba anautoa usaha nje. Kwa kweli nguvu ya vidole husukuma pande zote: sehemu ya uchafu hutoka juu, na sehemu nyingine huingia chini, ikipasua ukuta wa kitundu na kumwagika katika nyama iliyo jirani. Uvimbe ambao ungekwisha wenyewe baada ya siku chache hugeuka kidonda cha majuma kadhaa, na pengine huzaa uvimbe mwingine kando yake.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde kuna jambo la ziada. Ngozi yetu ina chembe zinazotengeneza rangi, na chembe hizo zikikerwa na uvimbe au jeraha hutoa rangi kupita kiasi. Rangi hiyo ndiyo doa jeusi linalobaki baada ya chunusi kupona. Doa la namna hiyo si kovu, na mara nyingi hufifia lenyewe, lakini huchukua miezi mingi. Kadiri jeraha linavyokuwa kubwa, ndivyo doa linavyokuwa zito. Baadhi ya watu huota makovu magumu yaliyovimba, hasa taya, kifuani na mabegani. Hayo hayaondoki kwa urahisi.

Tuzungumze pia juu ya kigaga. Kigaga ni bandeji ambayo mwili umejitengenezea. Chini yake ngozi mpya inajengwa. Anayekibandua huibomoa kazi hiyo, na mwili hulazimika kuanza upya. Ndiyo sababu kidonda kidogo kwenye kidevu huweza kudumu kwa miezi miwili, si kwa sababu damu ya mtu ni mbaya, bali kwa sababu hakikupewa siku saba za kuachwa.

2. Mnyororo unaoanzia kwenye kioo

Tumchukue binti wa miaka 19 anayeishi Raskazone. Harusi ya dada yake imebaki majuma matatu. Jumamosi usiku anaona vipele viwili shavuni. Anasimama mbele ya kioo cha kabati akikusudia kuondoa hivyo viwili tu. Nusu saa baadaye amegusa sehemu kumi, nyingine zikiwa hazina kitu. Jumatatu mashavu yana vidonda, na baada ya vidonda yana madoa.

Sasa ana haraka. Jirani anamweleza juu ya krimu inayouzwa ndani ya kikopo kisicho na maandishi. Anapaka. Katika siku chache uvimbe unatulia, ngozi inakuwa nyororo na nyeupe kidogo, naye anasadiki kwamba amepata dawa. Asilolijua ni kwamba kikopo hicho kina steroidi, dawa kali inayozima uvimbe kwa muda huku ikiifanya ngozi kuwa nyembamba. Akiacha kupaka, vipele hurudi kwa wingi kuliko mwanzo, pamoja na kuwashwa na joto usoni. Vipele vipya humrudisha kwenye kioo. Mkono hufanya kazi yake ileile, na mnyororo unafunga.

Katika kila pete ya mnyororo huu kuna mtu anayeuza kitu. Hatusemi kwamba kila muuzaji ana nia mbaya. Tunasema kwamba biashara ya madoa haikauki maadamu mkono unazalisha madoa.

Sheria haikulinyamazia jambo hili. Vipodozi viliwekwa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wake umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku nchini. Zebaki hudhuru figo na neva, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari huweza kuleta weusi wa kudumu usiotibika kwa urahisi, yaani kinyume cha kile alichokusudia mnunuzi. Kimataifa, Mkataba wa Minamata, unaoitwa kwa jina la mji wa Japani ulioathiriwa vibaya na zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia mkataba huo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma orodha ya viambato. Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo yakariri maneno haya kama yanavyochapishwa: “mercury”, “calomel”, “hydroquinone”, “clobetasol” na “betamethasone”. Ukiliona lolote kati ya hayo kwenye kipodozi, kirudishe. Kama kopo halina orodha yoyote, halina jina la mtengenezaji wala tarehe ya kwisha muda wake, kirudishe pia. Mkorogo uliochanganywa na muuzaji mwenyewe hauna lebo inayoweza kusomwa, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuukataa.

3. Mazoea, au maradhi?

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Wengi wetu tumewahi kubinya chunusi moja, na hilo halimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Lakini wako watu ambao mkono hauwatii. Huapa asubuhi na kuvunja kiapo usiku. Huchelewa kazini kwa sababu ya kioo. Huacha kwenda baharini na wenzao, hukataa kupigwa picha, huvaa mtandio hadi kwenye nyusi, si kwa stara bali kwa kuficha vidonda.

Matabibu wameijua hali hii kwa muda mrefu. Mwaka 1875 tabibu wa ngozi wa Uingereza, Erasmus Wilson, aliieleza katika maandishi yake. Mwaka 1898 mwenzake wa Ufaransa, Louis Brocq, aliandika juu ya wasichana waliokuwa wakikwangua chunusi zao hadi nyuso zikajaa vidonda. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliitambua rasmi kuwa ni tatizo linalojitegemea. Shirika la Afya Duniani nalo limeiingiza katika orodha yake ya kumi na moja ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Tumezitaja tarehe hizi ili msomaji aone kwamba si yeye wa kwanza, na kwamba hali yake ina jina na ina tiba. Si udhaifu wa imani, si ukosefu wa adabu, wala si lazima atafutwe mtu wa kumwaguzia. Mkono unapobinya, mtu hupata nafuu fupi ya wasiwasi, uchovu au upweke. Ubongo huikumbuka nafuu hiyo na kuidai tena. Aibu inayofuata huleta wasiwasi mpya, na wasiwasi huo huuita mkono tena. Kwa sababu hiyo, kumkemea mtu hakumsaidii, wala kujikemea hakusaidii.

Unahitaji kulichukulia jambo hili kwa uzito endapo matatu haya yapo pamoja: unajijeruhi mara kwa mara, umejaribu kuacha na hukuweza, na tabia hiyo inakuharibia kazi, masomo, mahusiano au furaha ya maisha.

4. Kuufahamu mkono: daftari la siku saba

Hatua ya kwanza si kuacha. Hatua ya kwanza ni kujua. Chukua daftari dogo, na kwa muda wa siku saba, kila ugunduapo kwamba mkono umekwenda usoni, andika mambo manne: saa, mahali, ulikuwa ukifanya nini, na ulikuwa ukijisikiaje. Usiandike lawama. Andika kama karani anavyoandika mali iliyoingia ghalani.

Ukurasa wa binti wetu wa mfano ungeweza kusomeka hivi: “Jumatatu, saa mbili na nusu usiku, chumbani, naangalia simu, nimechoka. Jumanne, saa moja asubuhi, bafuni, natazama kioo, nina wasiwasi wa mtihani. Jumanne, saa kumi jioni, kwenye daladala kutoka mjini, sifanyi kitu, sikujua kwamba mkono umepanda.”

Baada ya juma moja mambo mawili hudhihirika. La kwanza ni kwamba kuna kutumbua kwa namna mbili. Namna moja ni ya kukusudia: mtu husimama mbele ya kioo akitafuta. Namna nyingine ni ya kutojua: vidole hupapasa shavu wakati macho yapo kwenye simu au kitabu. Watu wengi wana zote mbili, na kila moja ina kizuizi chake. La pili ni kwamba mkono una saa zake na mahali pake. Haupandi ovyo. Akishajua kwamba hatari yake ni bafuni asubuhi na kitandani usiku, mtu hahitaji kupigana kutwa nzima. Anahitaji kulinda milango miwili.

5. Hatua za kuuzuia mkono

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya kuondoa mazoea ya mwili yasiyotakiwa kwa kuuzoeza mwili tendo jingine lisiloweza kufanyika pamoja na lile la zamani. Njia hiyo ingali msingi wa tiba hadi leo. Sehemu zake kuu mtu anaweza kuzianza mwenyewe nyumbani.

Kwanza, badili tendo. Mara tu unapouhisi mkono ukipanda, au unapoukuta umekwisha panda, ushushe, kunja ngumi zote mbili taratibu na uzishike hivyo kwa dakika moja, au zaidi kidogo, hadi hamu ipungue. Tendo hili halionekani na watu, na linaweza kufanyika kwenye daladala, darasani au barazani. Lifanye kila mara, hata kama umekwisha gusa. Ni kulirudia ndiko kunakoleta nguvu yake.

Pili, ipe mikono kazi. Pwani yetu haikosi kazi za vidole. Kusuka ukili, kudarizi kofia, kufuma kitambaa, kuchambua mchele, kuvuta tasbihi: zote hizi huishughulisha mikono saa ambazo akili imetulia. Chagua moja na uiweke palepale ambapo daftari limekuonyesha hatari. Ukili ulio sebuleni haumsaidii mtu anayejitumbua kitandani.

Tatu, kifanye kioo kuwa kigumu kufikiwa. Kioo kidogo cha kukuza sura kitoke chumbani. Kioo cha kabati kifunikwe kwa kanga wakati wa usiku. Simama umbali wa mkono mmoja unapochana nywele au kufunga mtandio, na jiwekee muda maalumu. Kumbuka kwamba kamera ya mbele ya simu nayo ni kioo, tena hulala nawe kitandani. Ukiweza, bafuni tumia taa yenye mwanga hafifu. Vipele vingi tunavyovitafuta hakuna mwingine anayeviona.

Nne, weka kizuizi juu ya ngozi na juu ya kidole. Kata kucha fupi na uzilainishe kwa tupa. Kipele kilichokwisha kuiva au kilichopasuka kifunike kwa plasta ndogo safi, hasa usiku. Wengine hujifunga plasta kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada; kidole kisichohisi mikwaruzo ya ngozi hakina hamu ya kuitafuta.

Tano, tunza jeraha lililokwisha kutokea. Lioshe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, likaushe kwa kulibonyeza taratibu kwa kitambaa safi, paka mafuta ya mgando kidogo, kisha lifunike. Jeraha linalowekwa na unyevu wa mafuta hufanya kigaga kidogo, na kigaga kidogo hakikaribishi ukucha. Wako wanaoamini kwamba kuogelea baharini huponya vidonda. Maji ya bahari si dawa. Huweza kubeba vijidudu, na kidonda kilicho wazi ni mlango. Subiri kipone, kisha uende Raskazone ukaogelee kwa raha.

Sita, hesabu kwa siku, si kwa ukamilifu. Weka alama kwenye kalenda kwa kila siku ambayo hukujeruhi. Siku utakayoteleza, usiseme kwamba yote yameharibika na kwa hiyo uendelee kubinya hadi alfajiri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Osha uso, funika kidonda, andika katika daftari kilichotangulia kuteleza huko, kisha lala.

6. Dukani: ununue nini, uache nini

Mkono ukitulia, chunusi zilizobaki zinaweza kutibiwa kwa gharama ndogo. Tunashauri haya.

Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, na tena baada ya kutoka jasho jingi. Usisugue. Chunusi haitoki kwa kusuguliwa, na ngozi iliyokwanguka huzaa doa.

Kwa chunusi za kawaida, muulize mfamasia juu ya krimu yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Hupakwa kidogo, mara moja kwa siku, juu ya eneo zima linalopata chunusi na si juu ya kipele kimoja kimoja. Ngozi huweza kukauka au kuwasha mwanzoni. Ikizidi, paka siku moja na kuacha siku moja. Angalia pia kwamba dawa hii hufubaza rangi ya kanga, taulo na foronya. Jambo kubwa la kukumbuka ni muda: usiihukumu kabla ya majuma 6 hadi 8. Wanaobadilisha krimu kila Ijumaa hutumia fedha nyingi wasipate jawabu. Mjamzito, au anayenyonyesha, asinunue dawa yoyote ya chunusi kabla ya kuzungumza na mfamasia au daktari.

Yapo mambo ya kuacha. Dawa ya meno na maji ya ndimu si tiba ya chunusi. Ndimu ikipatwa na jua la mchana huweza kuunguza na kuacha weusi mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Mafuta mazito usoni, yakiwemo ya nazi, huweza kuviziba vitundu kwa mtu mwenye chunusi. Ama singo na liwa, ambazo ni fahari ya bibi harusi wa pwani, hatuzikatazi. Tunashauri tu kwamba singo isisuguliwe juu ya chunusi zilizovimba au vidonda. Wapambaji waelezwe mapema, na uso uachwe.

Madoa nayo yana dawa mbili ambazo hazina bei kubwa: kinga ya jua na subira. Jua huyakoleza madoa, kwa hiyo kofia, mtandio, mwavuli au krimu ya kukinga jua husaidia. Subira husaidia kwa sababu doa lisiloguswa hufifia.

Unaponunua, muulize muuzaji maswali haya matatu kwa upole: Je, bidhaa hii imesajiliwa? Je, viambato vyake vimeandikwa wapi? Je, nitapata risiti? Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kama umeuziwa kipodozi kilichokudhuru, acha kukitumia, hifadhi kopo na risiti, na utoe taarifa TBS au kwa afisa afya wa halmashauri yako. Ikiwa umetumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu, muone daktari akuongoze namna ya kuiacha. Steroidi ni dawa halali inapoandikwa na daktari kwa ugonjwa unaostahili. Haramu ni kuifanya kipodozi.

7. Kwa wale wanaoishi naye

Nia njema huweza kuumiza. Mama anayesema kila asubuhi, “Hebu tazama ulivyojiharibu,” humwongezea mwanawe aibu ileile inayouendesha mkono. Shangazi anayeuliza mbele ya wageni, “Uso umefanyaje tena?” humpeleka kwenye kioo kabla wageni hawajaondoka.

Zungumzeni faraghani, wakati wa utulivu, mkakubaliane juu ya ishara. Mama anaweza kusema, “Mwanangu, nikiona mkono umepanda, nikuguse bega tu, nisiseme kitu?” Binti akikubali, ishara hiyo inakuwa msaada, asipokubali, iachwe. Sifu juhudi, si sura. “Naona leo umemaliza ukili wako” ni neno jema kuliko “leo uso una nafuu,” kwa maana la pili humkumbusha kwamba uso wake unakaguliwa.

8. Wakati wa kumwendea mtaalamu

Nenda hospitali bila kuchelewa endapo uso umevimba na una joto, maumivu yanaongezeka, usaha unazidi, una homa, au uvimbe unalisogelea jicho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo zingatia joto, uvimbe na maumivu. Sehemu ya pua na mdomo wa juu isibinywe kabisa, kwa kuwa mishipa yake ya damu huwasiliana na ile iliyo ndani ya kichwa, na ingawa hutokea kwa nadra, maambukizi ya hapo huweza kuwa ya hatari.

Muone daktari pia ikiwa chunusi ni kubwa, zina maumivu na zinaacha makovu, au kama umefuata hatua za somo hili kwa miezi miwili bila nafuu. Kwa wakazi wa Tanga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ni mahali pa kuanzia. Kwa matatizo ya ngozi yaliyo mazito, ukanda wa kaskazini una Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kinachohudumia nchi nyingi za Afrika.

Usimweleze daktari juu ya chunusi peke yake. Sema wazi: “Najitumbua, na nimeshindwa kuacha.” Sentensi hiyo hubadilisha tiba. Daktari anaweza kukupeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili atakayekufundisha njia tuliyoieleza hatua kwa hatua, na kwa baadhi ya watu huongezwa dawa za kutuliza wasiwasi au huzuni iliyo chini yake. Ikiwa huzuni imekuwa nzito kiasi cha kuyachukia maisha, mwambie mtu unayemwamini leo hii, na mwende hospitali pamoja.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini chunusi iliyobinywa huacha doa zito kuliko iliyoachwa.
2. Kwa nini krimu yenye steroidi huonekana kuwa nzuri katika siku za mwanzo?
3. Taja maneno manne ya kwenye lebo yatakayokufanya urudishe kipodozi.
4. Kuna tofauti gani kati ya kutumbua kwa kukusudia na kutumbua kwa kutojua? Toa kizuizi kimoja cha kila namna.

Zoezi la nyumbani

Kusanya makopo yote ya vipodozi vya uso uliyoyanunua katika miezi sita iliyopita. Andika bei ya kila moja na ujumlishe. Kando ya kila kopo andika kama ulilinunua kwa ajili ya chunusi au kwa ajili ya doa lililoachwa na vidole vyako. Jumlisha fungu hilo la pili peke yake. Hicho ndicho kiasi ambacho mkono uliotulia ungekuwekea akiba. Kisha fungua daftari ukurasa mpya, andika tarehe ya leo, na uanze siku ya kwanza kati ya zile saba.